Picha ya kromosomu: itatufaa kwa lipi?

Huduma za vinasaba zikizungumzwa Dar es Salaam, haikosekani sauti inayosema: tupate maabara ya picha za kromosomu, yaani nyuzi zilizobeba vinasaba ndani ya chembe za mwili, magonjwa ya kurithi yatabainika mapema. Nusu yake ni kweli.

Kipimo chenyewe si fumbo. Damu huchukuliwa, chembe nyeupe hukuzwa kwa siku tatu hivi, kisha husimamishwa kwa dawa zikiwa katikati ya kugawanyika, maana ndipo kromosomu hujikunja zikaonekana. Hutiwa rangi, hupigwa picha, hupangwa jozi kwa jozi. Binadamu ana 46. Mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa walitangaza kuwa watoto wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili.

Tatizo ni kwamba selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaotuumiza sana Tanzania, haionekani humo kabisa. Ni kosa la herufi moja ndani ya jeni, yaani kinasaba kimoja. Kuitafuta kwa picha hii ni kama kuipiga Kariakoo picha kutoka kwenye ndege ukitaka kusoma kibao cha duka kilichokosewa tahajia. Kipimo cha himoglobini, tena cha bei nafuu, ndicho kinachoijua.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi: hata Down daktari mzoefu huitambua kwa kumtazama mtoto, picha ya nini? Hapo sikubaliani nao. Mara nyingi kromosomu ya ziada ni ajali, na hatari kwa mtoto anayefuata ni ndogo. Lakini kwa watoto kama 3 au 4 katika kila 100, ile ya 21 imejibandika kwenye kromosomu nyingine, na mzazi mzima wa afya anaweza kuwa ndiye aliyeirithisha. Ikiwa imejibandika kwenye ya 14 na mbebaji ni mama, kila mimba ina hatari ya asilimia 10 hadi 15. Akiwa baba, hatari hushuka sana. Sura ya mtoto haisemi lolote kuhusu hilo.

Na hapo ndipo penye mtego. Kwetu lawama humwangukia mama hata kabla ya kipimo: karogwa, kwao wana mikosi. Kwa wengi picha itawasafisha. Kwa wachache itampa mama mkwe karatasi ya kushika mkononi.

Wakati wa ujauzito faida ni finyu zaidi. Kuchota maji ya uzazi ili kupima kromosomu za mtoto aliye tumboni kuna hatari ndogo ya mimba kuharibika, na sheria yetu inaruhusu kuitoa kwa kuokoa uhai wa mama tu. Kinachobaki ni maandalizi, nayo si haba: karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika pale Upanga, Taasisi ya Jakaya Kikwete.

Kwangu, upimaji wa selimundu kwa kila kichanga utangulie. Baada yake, maabara moja ya umma itatosha, mradi damu ya Mbagala ifike chembe zikiwa hai, na awepo mshauri wa kuwaketisha wazazi wote wawili siku majibu yakitoka.