Salalah nimefika, Siyu bado sijafika

Assalam aleikum wenzangu, hasa nyinyi wa Amu, yaani Lamu, mulioko nyumbani na sisi tuliotawanyika huku Arabuni. Naandika usiku, nimetoka kazini nimechoka, lakini hili jambo liko moyoni tangu mwezi wa nane na sitaki kukaa nalo peke yangu tena.

Tulikuwa wanne. Mimi, ndugu yangu wa Pate ambaye tunakaa naye chumba kimoja hapa Ruwi, Muscat, kijana mmoja wa Kisauni, na Momani ambaye mamake alizaliwa Unguja kwa hivo Kiswahili anakiongea kama sisi, kila akitaka kusema neno anaanza "skiza shekhe". Yeye ndo alileta gari, fowili (gari la kuvuta magurudumu yote manne) ya babake, na kila mtu akaomba siku tano kwa bosi wake, mwingine alipewa mwingine akakatwa mshahara lakini tukasema liwalo na liwe, mwaka huu lazima tuende Salalah, kusini ya Omani, tukaone khareef, ule msimu wao wa mvua na ukungu.

Muscat mpaka Salalah ni kama kilomita elfu moja. Tulitoka baada ya isha ili jua lisitukute njiani, tukapita Nizwa, tukapita Adam, na baada ya Adam bas, hakuna kitu. Yaani hakuna mti, hakuna kilima, ardhi imelala kama sinia na barabara imenyooka mpaka unaogopa usingizi. Tukawekeana zamu, anayeendesha lazima mmoja akae macho amuongeleshe, na tuliambiwa tuchunge ngamia, manake ngamia akiingia barabarani usiku humuoni mpaka umefika miguuni kwake, na ni mrefu, gari inamvunja miguu na mwili wote unakuja kwenye kioo. Alfajiri tukasimama Haima, tukaswali, tukanywa chai ya maziwa, tukajaza petroli. Petroli huku lita moja haifiki robo ya riali, kwa pesa zetu ni kama shilingi 80, mtu wa Kenya akisikia hivo analia.

Sasa hapa ndo nataka munisikize. Kutoka Muscat mpaka Salalah, kilomita elfu nzima, usiku, vijana wanne, watatu wageni, hakuna mtu aliyetusimamisha kutuuliza munatoka wapi munaenda wapi. Hakuna. Mimi nilikuwa nimeshika kitambulisho changu cha ukaazi kwenye mfuko wa shati tangu Nizwa, nikihisi gari inapunguza mwendo mkono unaenda mfukoni wenyewe. Yule Momani akaniuliza, "Skiza shekhe, una nini na huo mfuko?" Nikashindwa kumjibu pale pale. Ni mazoea ya njia yetu. Mtu aliyekulia njia ya Garsen na Witu, ile ya kwenda Lamu, mkono wake umeshajifunza.

Mombasa mpaka Mokowe, pale pa kuvukia Amu, haifiki hata kilomita 350. Hiyo ni theluthi ya safari yetu ya Salalah. Na watu wazima wa Amu wanajua hizo kilomita zimetufanya nini. Kabla ya lami ilikuwa matope meusi yanashika basi siku nzima, baadaye baada ya yale mauaji ya Mpeketoni ya mwezi wa sita 2014 ikawa mabasi hayaendi mpaka kuwe na eskoti, munakaa kwenye kizuizi munangoja gari la askari, munashushwa, munapangwa mstari, vipande (vitambulisho) juu, na asiyekuwa na kipande ana kesi yake. Na sote twajua watu wangapi kwetu walihangaishwa miaka kupata hicho kipande, mtu amezaliwa Faza, babake na babuye Faza, anaambiwa alete ushahidi kwamba ni Mkenya.

Mimi njia hii ilininyima bibi yangu, mzaa mama. 2017 nilikuwa Mombasa nafanya kibarua, nikapigiwa simu usiku kwamba bibi amefariki, nikapanda basi la kwanza. Tukafika kizuizini eskoti haijakuja. Tukangoja. Saa moja, saa mbili, jua kali, watoto wanalia ndani ya basi, mimi naomba mtu yeyote anisaidie lakini nani angesaidia, kila mtu ana lake. Kuna mama mmoja wa Witu aliyekaa kiti cha nyuma yangu aliposikia nimefiwa akafungua kikapu akanipa muhogo wa kuchoma, akasema, "Kula mwanangu, maiti hangojei lakini wewe lazima ufike." Nilifika Mokowe mchana, nikavuka na boti, nikapanda vichochoro mbio mpaka nyumbani, nikakuta viatu vya watu mlangoni vina mchanga mbichi wa makaburini. Walikuwa wameshamzika. Ndo hapo nilijua.

Nirudi Dhofar, jimbo lenye Salalah. Baada ya Thumrait kuna mahali panaitwa Wadi Dawkah, wamehifadhi miti ya ubani, iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, mwaka mmoja kabla ya mji wetu kuingizwa. Miti yenyewe ni mifupi, imejikunja, ukiipita bila kuambiwa hutashtuka. Nikasogea kwenye mmoja, mtu alikuwa ameukwangua gome na utomvu umetoka matone meupe kama maziwa yaliyoganda, nikagusa kidole kikanata, nikanusa. Walai nilisimama pale nikanyamaza. Ile harufu ni chumba cha mamangu alkhamisi jioni, ni chetezo, ni nguo zimetandazwa juu ya tenga zifukizwe. Maisha yangu yote nimeinusa hiyo harufu Langoni, mtaa wa Amu, na sikuwahi kujiuliza mti wake uko wapi.

Halafu ukitoka hapo ukashuka majabali, ndani ya kilomita chache tu joto la arubaini linakwisha, ukungu unaingia dirishani, na kila kitu ni kijani. Ng'ombe wanakula majani, maji yanatiririka Wadi Darbat, mvua ya rasharasha inakulowesha bila kuisikia. Watu wa Ghuba nzima wanakuja na familia zao, wanatandika mikeka kwenye majani, wanakaa tu wanalowa wamefurahi. Na mjini Salalah, jamani, minazi! Migomba! Mapapai! Vibanda viko kando ya barabara wanauza madafu, na anayekufungulia dafu anapiga panga mara tatu kama pale kwetu. Nikampigia mama simu ya video nikamuonyesha, akaniuliza, "Hapo ni wapi mwanangu, ni Matondoni?"

Yule wa Pate ndo alitufungua macho, yeye babake ni nahodha. Akatuambia huu upepo ni kusi. Kusi yetu ile ile. Inayotufungia bahari mwezi wa sita na wa saba, mashua zikavutwa juu na samaki wakaadimika sokoni, ndo hiyo hiyo inapanda na pwani ya Somalia, inapinda, inafika Dhofar imebeba unyevu, na bahari ya hapo miezi hiyo ni baridi manake maji ya chini yanapanda juu, bas inakuwa ukungu unaokwama kwenye majabali. Wazee wetu waliufuata upepo huu karne kwa karne, na hata Ibn Battuta alipotoka Kilwa karibu na mwaka 1331 jahazi lake lilikuja kutua huku huku Dhofar. Nikawaza, watu wa zamani walikuwa wakisafiri kuliko sisi. Hawakuwa na petroli ya bei rahisi wala lami wala simu.

Siku ya tatu tukafanya ujinga wa ujana. Tukarudi Thumrait tukaelekea Shisr, tukasema tuone Rubu al-Khali, ule mchanga mkubwa. Na mchanga tuliuona, milima ya mchanga mwekundu, sijawahi kuona kitu kizuri hivo na cha kutisha hivo. Tukaacha njia, tukaingia kidogo tu, gari ikazama mpaka ekseli. Tukachimba kwa mikono, tukaweka mazulia ya gari chini ya matairi, kila ukikanyaga mafuta ndo inazidi kuzama. Simu hazina mtandao. Maji yalikuwa chupa tisa, nilizihesabu. Kijana wa Kisauni akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini.

Kama saa kumi hivi ikatokea pikapu nyeupe, mzee mmoja wa Kibedui amefunga kilemba, nyuma amepakia majani ya ngamia. Hakuuliza kitu. Alitoa salamu, akazunguka gari, akapiga magoti kwenye tairi, akafungua kile kifuniko cha valvu, akaokota kokoto dogo akaliweka ndani ya kifuniko, akakifunga tena nusu, upepo ukaanza kutoka ssss wenyewe. Akafanya hivo matairi yote manne, tukakaa naye kwenye kivuli cha gari tunangoja upepo upungue, akatupa tende na kahawa kwenye kikombe kimoja tukizungushiana. Kisha akaingia yeye kwenye usukani, akarudi nyuma polepole, gari ikatoka kama haijawahi kuzama. Tulitaka kumpa pesa akakasirika kabisa. Momani wetu akamuambia, "Ami, hawa ni watu wa Zanjibari," huku wote wa pwani yetu ni Zanjibari, na mzee akatutazama mmoja mmoja akasema babu yake alikuwa akizungumzia boriti za Lamu. Boriti za mikoko yetu, zilizoezekea nyumba za huku. Lamu alilitaja jina. Mzee wa jangwani!

Sasa wenzangu, mimi si mtu wa kuja hapa kusifu ugenini. Huku kuna siku nafanya kazi masaa kumi na mbili, nikiumwa hakuna wa kunipikia uji, na jirani yangu wa mlango wa pili miaka miwili sijui jina lake. Kwetu hata kwenye basi lililokwama matope kuna mama wa Witu na muhogo wake. Siwezi kulinganisha hilo na barabara yoyote. Lakini kinachoniuma ni hiki, nimeshazunguka Dhofar yote, nimeona Mirbat, nimeona maji ya Mughsail yanavyoruka kwenye matundu ya mawe, na mimi, mwana wa Amu, sijawahi kufika Siyu, kisiwani Pate hapo. Ngome ya Siyu naijua kwa picha. Shanga sijafika. Kiunga, kule karibu na mpaka wa Somalia, sijafika. Takwa iko ng'ambo tu hapo Manda, nimeenda mara moja na shule.

Na si mimi peke yangu, waulizeni vijana wenu. Mzungu anashuka na mkoba wake mgongoni, wiki ya kwanza ameshalala Pate na Kizingitini, sisi tunamuangalia pale Mkunguni, uwanjani Amu, kama hiyo bahari tumemkodisha. Najua sababu, pesa ni moja. Kiunga nayo ni habari nyingine, barabara inakatiza msitu wa Boni na watu wameshapotea roho njia ile, ukienda kwa bahari wakati wa kusi ni kuhatarisha. Nalaumu walioiacha hivo miaka yote. Mtu wa Kiunga ana haki ya kusafiri bila kuandika wosia, kama vile mimi nilivyosafiri kilomita elfu usiku bila kuulizwa. Hata hii lami tuliyoipata, mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliikata kule Gamba na Lango la Simba watu wakalala njiani, kwa hivo tusiambiwe tushukuru tunyamaze.

Lakini Siyu? Siyu hakuna kisingizio. Siyu ni sisi wenyewe tumeketi.

Kwa hivo tumeshakubaliana. Mwezi wa kumi na mbili, kaskazi ikishika, sisi wanne tunakuja, Momani wetu pia, mamake amefurahi mpaka akalia. Nimeshaongea na nahodha, babake yule wa Pate, anasema tusimpangie tarehe manake Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki ila maji yakijaa, tungoje bamvua, maji makubwa, tutoke Amu asubuhi, tupite Mkanda, tulale Pate, kesho yake Shanga na Siyu kwa miguu na punda wa kubeba mizigo. Petroli ya boti tutachanga. Nilipomwambia mama akanyamaza kwenye simu, nikadhani hataki, ataogopa bahari. Akasema mamake, huyu bibi yangu niliyechelewa kumzika, alizaliwa Siyu, na yeye tangu awe msichana mdogo hajarudi.

Akaniuliza kama kwenye boti kuna nafasi ya mtu wa tano.