Je, Mbinu ya Soko Ikijulikana na Wengi Hupoteza Faida?

Wapo wanaoamini kwamba mbinu ya kununua na kuuza hisa huwa na thamani maadamu ni siri, na kwamba siku inapochapishwa ndiyo siku inapokufa. Mantiki yao iko wazi. Ikijulikana kwamba hisa za kampuni ndogo hupanda kila Januari, mjanja atazinunua Desemba. Mwenzake, ili amtangulie, atazinunua Novemba. Na bei ikishapandishwa mapema namna hiyo, aliyeingoja Januari hukuta wenzake wamekwisha kuvuna.

Takwimu zinawaunga mkono, ingawa si kwa kiwango wanachodai. Mwaka 2016, watafiti David McLean na Jeffrey Pontiff walichapisha utafiti juu ya vigezo 97 ambavyo wanazuoni walikuwa wamevitaja kuwa vinabashiri mapato ya hisa. Baada ya kipindi cha data kilichotumiwa na watafiti wa awali, lakini kabla ya tafiti zao kuchapishwa, mapato ya mbinu zilizotegemea vigezo hivyo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 26. Baada ya kuchapishwa, upungufu ulifika asilimia 58. Watu huikariri namba ya pili na kuisahau ya kwanza, ilhali ile ya kwanza ndiyo yenye somo zaidi. Kabla ya kuchapishwa umma ulikuwa haujapata habari, kwa hiyo si rahisi kuulaumu kwa upungufu huo. Kwa sehemu kubwa unaweza kutokana na ukweli kwamba anayechambua data kwa muda mrefu hakosi kukuta mpangilio fulani, hata pale ambapo ni bahati tu iliyoupanga. Mbinu ya aina hiyo haikuuawa na umaarufu, kwa kuwa haikuwahi kuwa hai. Tena, hata baada ya kuchapishwa, asilimia 42 ya mapato ya awali ilibaki.

Kwa nini ibaki? Nadhani swali la kuuliza ni nani anayeilipa faida hiyo. Ikiwa inalipwa na watu wanaokosea bei bila kujua, kufichuliwa kwa kosa kutaiondoa upesi. Lakini ikiwa ni ujira wa kubeba mzigo ambao wengine hawautaki, kujulikana kwake hakutoshi kuimaliza. Kila mtu anajua jinsi kampuni za bima zinavyopata fedha, na bado watu wanalipia bima. Mbinu ya kununua hisa zilizopanda miezi iliyopita na kuuza zilizoshuka, iliyochambuliwa na watafiti Jegadeesh na Titman mwaka 1993, iliendelea kuonekana sokoni miaka mingi baadaye, lakini mwaka 2009, hisa zilizokuwa zimeporomoka ziliporuka ghafla, iliwatia wafuasi wake hasara nzito. Vivyo hivyo Richard Dennis, mfanyabiashara wa Chicago aliyewafundisha wanafunzi wake kanuni za kufuata mwelekeo wa bei mwanzoni mwa miaka ya 1980, alishikilia kwamba hata kanuni hizo zikichapishwa gazetini hakuna atakayezifuata. Alikuwa na hoja, kwa sababu kanuni za namna hiyo humtaka mtu avumilie hasara ndogondogo nyingi kabla ya faida moja kubwa, na uvumilivu haununuliwi pamoja na gazeti.

Hata hivyo, upande huu nao haupaswi kujiamini kupita kiasi. Umaarufu unaweza kuiacha faida ya mbinu ilivyo na bado ukaifanya kuwa hatari. Agosti 2007, mifuko ya uwekezaji iliyotumia hesabu za kompyuta zinazofanana ilijikuta imeshika hisa zilezile. Inaaminika kwamba mmoja au michache kati yake ilipolazimika kuuza, bei zilishuka, kushuka huko kukailazimisha mingine kuuza, na kati ya tarehe 7 na 9 zilitokea hasara ambazo mahesabu yao hayakuzitarajia. Tarehe 10 bei zilirudi kwa kiasi kikubwa. Waliokuwa wamebaki na hisa zao walirudishiwa sehemu kubwa ya walichopoteza; waliokuwa wameuza jana yake kwa kushinikizwa na mikopo waliyonunulia hisa hawakurudishiwa kitu, ingawa mbinu yao ilikuwa ileile.