Ndugu Zangu wa Dar, Safari Hii Tunalala Kunduchi

Juzi usiku nilituma kwenye grupu la familia ratiba yetu ya likizo ya Juni. Mambo ya kawaida kabisa: tunashuka na treni kutoka Dodoma, tunachukua vyumba upande wa Kunduchi, watoto wanapelekwa Wet 'n' Wild, ile bustani ya michezo ya maji, tunagusa kisiwa cha Mbudya, tunagusa Bagamoyo, tunapita kusalimia, tunarudi. Baba mdogo akajibu kwa sauti, na baba mdogo akishajibu kwa sauti ujue kimeumana. "Kwa hiyo siku hizi mnakuja Dar mnalala gesti, kama wachuuzi wa zabibu?" Grupu likanyamaza. Kisha shangazi akaweka kikatuni kinacholia. Kisha mtu ambaye hata simfahamu, nadhani ni shemeji wa shemeji, akaandika: "Watu wamebadilika."

Sijabadilika. Nimeichoka barabara.

Baba mdogo anaishi Chanika. Nampenda baba mdogo, na Chanika sina ugomvi nayo. Lakini chukua ramani. Kutoka Chanika kwenda Kunduchi unapita Gongo la Mboto, unaifuata Nyerere mpaka Tazara, unaingia Mandela, Buguruni, Tabata, Ubungo, unashika Sam Nujoma mpaka Mwenge, na hapo Mwenge ndipo unapoianza Barabara ya Bagamoyo, na Kunduchi bado. Umelikata jiji zima kutoka pembe hadi pembe. Jioni unalikata tena, na safari hii foleni inakusubiri.

Tulishafanya hivyo, likizo moja nyuma. Ratiba ilisema tunatoka asubuhi na mapema. Asubuhi na mapema chai ilikuwa bado, maana mandazi yalikuwa yanasubiri mafuta yaliyokuwa yanasubiri duka lifunguliwe. Noah ya baba mdogo ilijaa mpaka watoto wakapakatwa na watoto. Tukasimama Gongo la Mboto kuchukua binamu. Tukasimama Tabata kumpelekea mtu chaja. Mwanangu wa kati alikuwa amevaa miwani ya kuogelea tangu kwenye chai, na kila nikigeuka kumwambia aivue ananijibu "tunakaribia." Tulipofika getini saa nane mchana aliivua mwenyewe, na macho yake yalikuwa na duara mbili nyekundu kama bundi. Mdogo wake alikuwa amelala begani kwangu, ametoka jasho, hataki kusikia habari za maji wala mteremko. Na pale getini hakuna anayekuuliza umetoka Chanika au umetoka nyumba ya pili. Kiingilio ni cha siku nzima. Sisi tulikinunua tukakitumia kwa mchana uliobaki, na baba mdogo akaanza kuangalia saa mapema, "tuwahi foleni."

Sasa niambie hiyo ni likizo ya nani.

Najua jibu litakalokuja: heshima. Una ndugu mjini, unalala kwa watu baki? Haya, tuongee heshima, maana hapo ndipo penye donda langu. Kwenye safari ile ile niliamka alfajiri kutafuta maji ya kunywa, nikamkuta mama mdogo yuko jikoni peke yake, anakanda unga, taa ya simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Watoto wake walikuwa wamelala chini sebuleni, kwenye mkeka, kwa sababu vitanda vyao tulikuwa tumevilalia sisi. Mumewe usiku alikuwa ametuambia, kwa roho safi kabisa, "Karibuni, hapa ni kwenu." Ni kwetu, lakini anayeamka kukanda unga si yeye. Mama mdogo aliponiona alishtuka, akaniuliza nimekosa nini. Mimi! Alidhani kuna kitu cha mgeni hakijakamilika. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba kujazana kwa ndugu ni heshima, namuuliza kwanza kama yeye ndiye anayeosha vyombo.

Na siku za mgeni kwetu zina hesabu yake: siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunakaa wiki, hatushiki jembe, na maji ya tangi tunayamaliza kwa kuogesha watoto waliotoka baharini na mchanga mpaka masikioni.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba chumba ni hela. Familia ikiwa kubwa, chumba kimoja hakitoshi, na gesti zinazotazama bahari bei zake ni za watu wengine. Lakini anayelazimika kulala ufukweni ni nani? Ukivuka upande wa pili wa barabara, kuelekea Tegeta, au ukiingia ndani ndani Mbezi Beach, nyumba za wageni zipo za kila mfuko, na kuna watu wanapangisha nyumba nzima yenye jiko kwa siku. Jiko ndilo la kuulizia kuliko hata kiyoyozi. Mkiweza kupika uji asubuhi na ndizi jioni, mmeokoa pesa ambayo ingeliwa na chipsi. Halafu linganisha na mafuta ya Noah ya kuvuka jiji kwenda na kurudi kila siku, na soda za njiani, na ile "changia kidogo" isiyo na risiti. Baba mdogo hiyo hesabu haitaki.

Faida kubwa ya kulala upande ule haimo hata ndani ya Wet 'n' Wild. Ni kwamba vitu vingine vyote vya maana viko upande huo huo. Watu wa bara tukisikia Dar tunaipanga kama vile ni mtaa mmoja: leo maji ya Kunduchi, kesho wanyama wa Kigamboni, keshokutwa Posta, halafu tunashangaa watoto wanatapika kwenye gari. Chagua upande, kaa nao. Mimi nimechagua kaskazini.

Bajaji tu inakutoa kwenye mteremko wa maji inakupeleka kwenye magofu ya Kunduchi, ambayo wakazi wengi wa Dar hawajawahi kuyaona na wala hawana habari nayo. Msikiti wa kale uliobomoka, mibuyu, na makaburi yenye minara iliyowahi kupambwa kwa sahani na bakuli za Kichina. Sahani nyingi hazipo tena, yamebaki mashimo ya duara kwenye chokaa. Mtoto mwenye akili zake atauliza nani kazibeba, na hilo swali ni zuri kuliko somo zima la historia. Hapo hapamalizi saa moja, ndiyo maana panafaa jioni ile watoto wanapokuwa wamechoka kidogo lakini hawajaisha.

Mbudya inaonekana kutoka ufukweni, na boti zinatokea hapo hapo Kunduchi. Ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo na visiwa wenzao, kwa hiyo kiingilio cha hifadhi kinalipwa mbali na nauli ya boti, usije ukabishana na kijana wa watu. Kule kuna vibanda vya makuti, samaki wa kukaanga na chipsi, na maji yanayoonyesha mpaka vidole vya miguu. Nendeni asubuhi. Juni upepo ni wa kusi, na mchana bahari inaweza kuchafuka kiasi cha kumfanya mtoto wa Dodoma aichukie maisha yake yote. Na majaketi ya kuokolea yahesabiwe kabla ya kupanda. Nahodha akisema "hapa karibu tu, hayana haja," shuka. Shuka na begi lako.

Zanzibar msiiguse safari hii. Ile ni likizo nyingine, na pochi nyingine.

Nauli sasa, kwa sababu kuna mtu lazima ataniuliza. Treni ya kawaida ya SGR, ile reli mpya ya umeme, kutoka Dodoma hadi Dar ilianza 2024 kwa shilingi 31,000 mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, 15,500, wale wa chini ya hapo bure. Angalieni bei ya siku yenu. Likizo za shule tiketi zinaisha, kwa hiyo kata mapema na ukate za kurudi siku hiyo hiyo. Tulikuwa tunaimaliza siku nzima kwenye basi. Sasa unakunywa chai Dodoma na mchana uko Dar unatokwa jasho. Vijana wanaobishana kila kukicha kama reli ile ina faida waje wasafiri na watoto watatu na mama mzazi kwenye basi, ndipo tuendelee na mjadala.

Ukishashuka Stesheni ya Magufuli uko katikati ya mji tayari. Kama mizigo ni myepesi, Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert hayako mbali, ingieni siku hiyo hiyo kabla ya kwenda kaskazini, maana mkishafika Kunduchi hakuna atakayekubali kurudi Posta kutazama mafuvu. Mizigo ikiwa mizito, achaneni na makumbusho, hayahami.

Siku yenyewe ya maji sina mengi. Ingieni mlango unapofunguliwa, siku ya katikati ya wiki, na kamwe isiwe sikukuu. Idi na Krismasi unaenda kuogelea kwenye foleni. Suruali za jinzi zibaki chumbani. Piga simu kabla kuuliza bei ya siku hiyo na kama chakula cha nje kinaruhusiwa, badala ya kuficha hotipoti kwenye begi la nepi (namjua mtu, na mtu huyo ni mke wangu).

Ndugu je? Tutawaona, tena sana. Ila mwisho. Ukianza na ndugu, hutoki. Siku ya kwanza unasalimia, ya pili kuna mgonjwa wa kwenda kumwona, ya tatu kuna kikao cha harusi ambayo ulikuwa hujui ipo, na Wet 'n' Wild inabaki hadithi. Ukianza na watoto ukamalizia na ndugu, unafika Chanika ukiwa na watoto walioshiba michezo, wanaokaa chini wakasalimia vizuri, na wewe mwenyewe huna haraka. Usiku wa mwisho tutalala kwa baba mdogo, mmoja tu, na mboga tunakuja nayo, pamoja na karanga na ubuyu wa Dodoma. Binamu wanaotaka kuogelea waje Kunduchi siku ya maji, nimeshasema kiingilio chao ni juu yangu. Hilo halikujibiwa na mtu kwenye grupu. Cha kujibiwa kilikuwa gesti tu.

Limebaki suala la Bagamoyo, na hapa naongea kwa upole kidogo, kwa sababu ni la mama yangu.

Ukilala Tegeta au Kunduchi, uko njiani tayari: magari yanayotoka stendi ya Makumbusho (ile ya Kijitonyama, si ya Makumbusho ya Taifa) kwenda Bagamoyo yanapita hapo, Bunju, Mapinga, mmefika. Watoto nimewaahidi magofu ya Kaole. Lakini mama hataki Kaole. Anataka misheni. Babu yetu alikuwa katekista, na tangu mama akiwa mtoto amesikia kwamba mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanza pale mwaka 1868, na kwamba kijiji cha kwanza cha misheni kilikuwa cha watu waliokombolewa utumwani. Anajua kwamba mwili wa Livingstone ulilazwa pale 1874, umebebwa na akina Chuma na Susi kutoka ndani ya bara, kwa miguu. Ananisimulia mimi niliyesoma, na anasahihisha miaka. Hajawahi kufika. Miaka yote hii amekuja Dar kwa misiba, kwa harusi, kwa hospitali, na kila mara Bagamoyo ilikuwa "tutaenda siku ukija tena," kwa sababu kila mara alikuwa Chanika, na kutoka Chanika Bagamoyo ni safari ya kuaga.

Ameniuliza jambo moja tu, kama kule kuna mahali pa kukaa kivulini, kwa sababu akifika hataki kuharakishwa. Kivuli kipo. Kuna mbuyu mkubwa wa misheni wenye mnyororo uliomezwa na shina. Mtu aliufungia punda zamani, mti ukaendelea kunenepa. Watoto watacheza na huo mnyororo dakika kumi, kisha wataanza kuuliza tunaondoka saa ngapi.

Tutaondoka bibi yao akimaliza. Wakilalamika, walalamike, maji wameshaogelea.