Wanaolilia Bembea za Zamani Wanajua Wanacholilia

Novemba 2020 uongozi wa Kennywood, kiwanja cha burudani kilichoko West Mifflin, jirani na jiji la Pittsburgh nchini Marekani, ulitangaza kwamba bembea zake nne zimestaafishwa. Mojawapo ilikuwa Kangaroo, mashine iliyofika pale mwaka 1962, ambayo vigari vyake huzunguka duara moja, hupanda kijilima cha chuma, kisha huruka kutoka ukingoni na kushuka taratibu, na baada ya hapo huanza upya. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Hata hivyo inatajwa kuwa ya mwisho ya aina yake inayofanya kazi, na wapenzi wake walilalamika kiasi kwamba mwaka 2022 ilirudishwa.

Kwa wengi wanaojihusisha na biashara hii, tukio hilo lilikuwa mfano wa hisia kuishinda hesabu: watu wazima wanaolilia utoto wao, na mwenye kiwanja akilazimika kuwalipia kilio hicho. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini nadhani inawaelewa vibaya wanaolilia.

Kiswahili kina neno moja, bembea, kwa karibu kila kinachompeperusha mtu kwa starehe. Hapa ninakusudia mashine zinazozunguka au kuyumba zikiwa mahali pamoja, karibu na ardhi, si treni za rolakosta zinazokimbia kwenye reli ndefu za juu. Rolakosta ndizo zinazotangazwa kwenye mabango na kuvuta wageni kutoka mbali, na pale eneo linapokuwa dogo, bembea ya zamani ndiyo huondolewa ili kuzipisha.

Upande wa wenye viwanja, tatizo la kwanza ni vipuri. Kampuni ya Traver Engineering ya Beaver Falls, iliyounda ile mashine ya mwaka 1927 ambayo Kennywood huiita Turtle, ilikufa miaka ya 1930. Kipande kikivunjika leo hakuna kiwanda cha kuagiza kingine, na fundi hana budi kukichonga mwenyewe. La pili ni usalama, na hapa mifano ni ya kuhuzunisha. Mwaka 1977 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliwaonya wananchi dhidi ya bembea iitwayo Zipper, baada ya watu wanne kufa kwa sababu milango ya vizimba vya abiria ilifunguka hewani. Julai 2017, katika maonyesho ya jimbo la Ohio, mkono wa bembea iitwayo Fire Ball ulikatika ikiwa inazunguka, kijana mmoja akafa na wengine wakajeruhiwa; mtengenezaji alisema kutu ilikuwa imeila nguzo kutoka ndani.

Lakini tuitazame mifano hiyo vizuri. Zipper ilibuniwa mwaka 1968, hivyo onyo lilipotolewa aina hiyo ilikuwa haijatimiza miaka kumi. Fire Ball iliundwa mwaka 1998, na hakuna aliyeiita ya kizamani. Ukaguzi na matunzo ndivyo vilivyoamua, wala si mwaka wa kuzaliwa, na bembea ya mwaka 1927 ambayo mafundi wale wale huifumua na kuiunga kila majira ya baridi inaweza kuwa salama kuliko mashine changa inayofungwa na kufunguliwa kila wiki katika mji mpya. Sikatai kwamba chuma huchoka. Ninachokataa ni kuufanya umri kuwa hukumu.

Je, wanaozililia wanalilia nini hasa? Chukua Tilt-A-Whirl, aliyoibuni Herbert Sellner mwaka 1926 katika mji wa Faribault, Minnesota. Ni jukwaa la duara lenye vijilima vitatu, na juu yake vigari saba, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwenye ekseli yake na kuachwa kijizungukie kitakavyo. Mwaka 1994 wanafizikia Richard Kautz na Bret Huggard walichapisha uchunguzi wa mwendo wake katika jarida la American Journal of Physics. Waligundua kwamba jukwaa likienda polepole sana, kigari huyumba kwa mpangilio unaotabirika. Likienda kasi sana, kigari hung'ang'ania upande wa nje na kutulia huko. Katikati, kwenye mwendo wake wa kawaida wa takriban mizunguko 6.5 kwa dakika, kigari hakitabiriki kabisa, ingawa sheria zote zinazokiendesha zinajulikana, kwa sababu tofauti ndogo mno ya mwanzo hukua haraka hadi ikabadilisha kila kitu. Sellner hakuwa na kompyuta wala mlingano wowote wa kumwelekeza hapo.

Namba hiyo, 6.5, imenikaa kichwani kwa muda sasa. Ukiipiga hesabu utaona kwamba jukwaa hukamilisha mzunguko mmoja kila baada ya sekunde tisa na kidogo. Maana yake ni kwamba bibi aliyesimama kwenye uzio, ambaye mgongo wake haumruhusu kupanda, hupitiwa na kigari cha mjukuu wake kila baada ya sekunde tisa, lakini kwa kuwa kigari kinajizungukia chenyewe, hajui kama safari hii ataletewa uso unaocheka, ubavu au kisogo. Anangoja. Akikosa uso mara hii, zamu nyingine haiko mbali. Na mtoto naye, akiwa ndani, anajifunza kwamba akiegemea upande mmoja kwa wakati ufaao kigari huchapuka, ingawa hawezi kuwa na uhakika, na kwamba uzito wa baba aliyeketi pembeni yake ni sehemu ya injini. Rolakosta ya mita sitini haina nafasi ya mambo hayo. Aliyepanda hutoweka juu, hurudi dakika mbili baadaye nywele zimesimama, na alichofanya huko hakikubadilisha chochote, kwa kuwa njia ni ile ile kwa kila abiria. Wanaolilia bembea za chini wanalilia sifa za mashine, na sifa hizo zinapimika. Utoto ulikuwa tu wakati walipokutana nazo.

Kuna pingamizi moja zito zaidi ya vipuri, nalo huwa halitajwi na wenye viwanja. Zamani hiyo inayotamaniwa haikuwa ya wote. Glen Echo, katika jimbo la Maryland, kilikuwa kiwanja cha wazungu peke yao hadi wanafunzi weusi, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Howard, walipokwenda kuketi juu ya bembea yake ya farasi wa mbao tarehe 30 Juni 1960, na watano wakakamatwa. Milango ilifunguliwa kwa wote mwaka uliofuata. Gwynn Oak, karibu na Baltimore, kiliacha ubaguzi tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ile ya maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za weusi, na mtoto mweusi wa kwanza kupanda bembea ya farasi pale hakuwa ametimiza mwaka. Anayeililia miaka hiyo bila kulikumbuka hilo anaililia picha iliyokatwa nusu.

Hata hivyo, ni nini kilichohifadhi nusu ile nyingine? Kiwanja cha Gwynn Oak kiliharibiwa na kimbunga Agnes mwaka 1972. Bembea yake ilinusurika, na mwaka 1981 ikahamishiwa National Mall, uwanja wa wazi wa umma mjini Washington. Ile ya Glen Echo, ya mwaka 1921, ilibaki mahali pake chini ya idara ya hifadhi za taifa. Zingeuzwa kama chuma chakavu, tungebakiwa na tarehe vitabuni, bila kitu cha kugusa.

Kuhusu gharama nina la kuongeza moja tu. Knoebels, kiwanja cha familia moja katika jimbo la Pennsylvania, iliko pia Kennywood, kilichofunguliwa mwaka 1926, hakitozi kiingilio. Mtu hulipia anachopanda. Bibi wa kwenye uzio haingii katika hesabu kama mteja, lakini ndiye anayewaleta wajukuu. Kiwanja kinachotoza kila kichwa langoni kina sababu ya kutaka kila kichwa kirushwe hewani ili kipate thamani ya tiketi, na katika hesabu ya namna hiyo bembea ya sekunde tisa lazima ionekane hasara.

Kennywood ilifanya busara kuirudisha Kangaroo, kwa sababu haina pacha. Paratrooper, iliyostaafishwa nayo siku ile ile, iliundwa kwa wingi na bado ipo katika viwanja vingine, hivyo kuondoka kwake hakukumnyima mtu kitu asichoweza kukipata kwingine. Ya tatu, Volcano, siitetei. Lakini ya nne ilikuwa Bayern Kurve, mashine ya Kijerumani ya kiwanda cha Schwarzkopf, ambayo vigari vyake hulalia ndani ya kona kadiri mwendo unavyozidi, huku honi yake ikilia kama ya meli, na zilizobaki ni chache sana. Haikupata waombolezaji wengi kama Kangaroo, na kwa kipimo nilichokitumia hapa, ilistahili kuwa nao.