Kompyuta ikisema hapana: uigaji wa miale ya kosmiki unapimwa vibaya

Tarehe 15 Oktoba 1991, darubini za Fly's Eye kule Utah, Marekani, zilinasa alama ya mwale wa kosmiki, yaani chembe moja iliyotoka angani, yenye nishati ya takriban elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 3.2 × 10²⁰. Hizo ni kama jouli 50 ndani ya kitu kidogo kuliko atomu, zaidi ya mara milioni 40 ya nishati ya protoni katika mtambo mkubwa wa CERN. Wanaotafuta kwa uigaji, yaani kuiga maumbile ndani ya kompyuta, kinachozisukuma chembe za aina hiyo hulaumiwa kwamba wanachezea vipimo vya maumbile hayo. Lawama hiyo imepita kiasi.

Msingi inao. Uigaji unaofuata mwendo wa chembe moja moja lazima uone umbali mdogo sana, ambao katika gesi iliyo kati ya nyota ni kama kilomita 5, ilhali mabaki ya nyota iliyolipuka hutanda trilioni nyingi za kilomita. Hakuna kompyuta inayomudu vyote viwili. Basi protoni, yenye uzito wa elektroni 1,836, hupewa uzito wa elektroni 100 au hata 25, na anga hulazwa bapa, pande mbili badala ya tatu. Ukibana hivyo, joto la elektroni nalo laweza kupotoka.

Lakini anayetaka kompyuta ifike elektronivolti 10²⁰ anadai kisichotafutwa. Kinachotafutwa ni kanuni ya ukuaji wa nishati. Nadharia ya 1977 na 1978 ilieleza vizuri chembe inavyoongezewa nishati kila inapovuka wimbi la mshtuko (ukingo wa gesi inayosukumwa ghafla kwa kasi kubwa), ila haikusema chembe zipi huingia katika mzunguko huo. Mwaka 2008 mwanafizikia Anatoly Spitkovsky aliigiza mshtuko wa elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya) bila kuupa uga wa sumaku mwanzoni. Uga ukazaliwa wenyewe, na kama asilimia 1 ya chembe ikajitenga na nyingine, ikibeba karibu asilimia 10 ya nishati. Asilimia hizo hazikuandikwa na mtu kwenye programu.

Kinachonishawishi zaidi ni kwamba uigaji huohuo hukataa. Mwaka 2013 Sironi, Spitkovsky na Arons walionyesha kuwa katika mishtuko inayokaribia kasi ya mwanga, nishati ya juu hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: muda mara 10,000, nishati mara 100 tu. Sababu yake inaeleweka. Mafundo ya uga wa sumaku ni madogo, na chembe inayozidi kupata nguvu huzidi kuwa ngumu kupindishwa, hivyo hukawia kurudi kwenye mshtuko. Kwa ukuaji huo, mishtuko ya nje ya milipuko ya miale ya gama (milipuko mikali mno ya mbali angani), iliyotajwa kwa miaka mingi kuwa chimbuko la chembe hizo, haielekei kufikisha chembe elektronivolti 10²⁰. Aliyepanga vipimo ili apate jibu analolitaka asingeambulia jibu hilo.

Mkosoaji atasema muda ulioigizwa ni mfupi mno, na kwamba mafundo hayo huenda yakanenepa baadaye. Ni hoja nzito, na kwangu ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa inapimika: panua eneo, refusha muda, pima upana wa mafundo.