Benchi la Mbaazi

Mie ugomvi wangu na kile kibanda cha mbaazi cha Mwembe Tayari, hapa Mombasa, si chakula. Chakula wallahi hakina ila. Mahamri manne na sahani ya mbaazi, noti ya mia inarudi na chenji. Ukilipasua hamri, harufu ya iliki inakupanda puani kabla hujatia kitu mdomoni. Ndani li wazi kama mfuko. Unachotea mbaazi, na lile tui zito linalomiminwa mwisho, halijakatika, linakutiririka mpaka kifundo cha mkono. Ukishiba hapo, adhuhuri itakukuta bado unacheua.

Ugomvi wangu ni benchi. Pale hafukuzwi mtu. Juzi nimebanwa baina ya wakili aliyeitupa tai begani isije ikaonja tui, na hamali wa mkokoteni anayenuka vitunguu vya soko la Marikiti. Mbele yangu bibi na mjukuu mapajani, mtoto ananihesabia matonge. Pembeni mtalii, kaambiwa pilipili ile haiwashi. (Aliyemwambia ni mimi. Mungu anisamehe.)

Mwezi jana shemeji alinipeleka hoteli moja ya ufuoni. Bawabu alizitazama kandambili zangu kwanza, uso baadaye. Sahani pana kama ungo, samaki kajikunja pembeni kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilirudi na njaa. Lakini viti, jamani! Viti tele, hata miguu nilinyoosha.

Tena mahali panapomkaribisha kila mtu pana shida yake: hata mwenye nyumba wangu naye ni mtu.

Nilimwona akivuka barabara, kanzu imepigwa pasi. Ananidai miezi miwili. Nikajikunyata nyuma ya wakili, pua karibu iguse mbaazi. Mama wa kibanda akanipazia sauti: "Baba Zuhura! Nikuongeze tui?"

Sasa tui la bure mtu hulikataa vipi? Nikaitika.

Mzee akageuka. Hamali, kwa ukarimu ambao hakuna aliyemuomba, akajisogeza: "Karibu mzee, pana nafasi hapa." Nafasi yenyewe ilikuwa paja langu.

Akaketi. Akaagiza mahamri mawili na chai ya rangi. Akaitazama sahani yangu.

"Manne?"

"Manne."

Akaivuta ile sahani ya mbaazi katikati yetu, akachovya.

"Hii tutaikata kwenye kodi?" nikamuuliza.

Akachovya tena.