Bakuli Lililoambiwa Toka Likatoka

Mjomba wangu wa Wamunyu, aliyeanza kuchonga twiga kabla sijazaliwa, hana heshima yoyote kwa kazi yangu. Yeye huketi chini ya mti na tezo yake, akakipiga kigogo mpaka mnyama ajitokeze. Mimi nabonyeza swichi, gogo linazunguka, nami nalishikia patasi. Siku aliyoiona mashine yangu ya kukereza kwa mara ya kwanza aliizunguka, akaigusa kwa kidole kimoja, kisha akauliza: "Kwa hivyo gogo ndilo linalohangaika, na wewe umesimama tu? Sasa hapa anayelipwa ni nani, wewe au gogo?"

Sikumjibu. Siku za wiki mimi ni karani katika ofisi ya bima huko mjini, napokea fomu za watu waliogongwa, walioibiwa na walioteleza kwenye ngazi. Jumamosi ndiyo siku yangu ya mabakuli. Nimekodi kibanda cha mabati Kangemi, hapa Nairobi, upande ule unaoteremka kuelekea mtoni, na nilikipenda kwa jambo moja tu: kina stima ya laini tatu. Mashine niliinunua kuukuu kutoka karakana iliyofungwa kule Industrial Area, na mota yake haitaki hii stima ya nyumbani ya volti 240. Inataka laini zote tatu, volti 415, chakula kilekile cha kinu cha posho.

Na jirani yangu wa kulia ni kinu cha posho kweli. Wa kushoto ni seremala wa vitanda mwenye msumeno wa meza. Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi, na ubavuni mwa kinyozi kuna hema la kanisa ambalo kila Jumamosi huwa na maombi ya ukombozi kuanzia asubuhi mpaka pasta achoke. Pasta yule hachoki.

Mbao zangu nyingi ni za mjakaranda. Mvua ikinyesha Nairobi hakukosi mjakaranda ulioangukia ua wa mtu, na mwenye ua hufurahi ukimwondolea gogo. Mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, siugusi. Si kwamba mimi ni mtu wa mila sana, lakini mke wangu ni wa Murang'a na nyumba ni yetu sote.

Gogo bichi ukilikereza hukutemea maji usoni, na bakuli likishakuwa bakuli huwezi kulipeleka kwa mteja hivyohivyo. Mti ukikauka hunywea, na hunywea zaidi kufuata pete zake kuliko kuelekea kitovu, hata kile ulichokiacha duara kamili kinageuka yai, na usipokuwa na bahati kinapasuka katikati ya usiku kwa mlio wa kuamsha watoto. Kwa hivyo unalikereza kwanza likiwa nene, la upana wa futi moja unaliachia ukuta wa zaidi ya inchi, unalizika ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, unalisahau kwa miezi. Likishakauka ndipo unalirudisha mashineni kulinyoosha. Mabakuli yangu hukaukia juu ya kabati la chumba cha kulala. Mama watoto huuliza: "Hili ni kabati la nguo au ni mochari ya miti?"

Mteja wa habari hii ni mama mmoja wa Loresho. Aliliona bakuli langu kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzangu, akataka lake la kachumbari, futi moja, akalipa nusu ya shilingi 3,500 papo hapo. Hiyo ilikuwa wakati wa mvua ndefu. Tangu hapo akawa anapiga simu.

"Fundi, bakuli langu limekauka?"

"Bado, mama."

"Hata mahindi ya shamba langu yamekauka, yamevunwa, yameliwa."

Ikafika Oktoba, mijakaranda ya mjini ikapasuka maua, naye uvumilivu ukamwisha. Akasema Jumamosi anakuja mwenyewe, atakaa palepale mpaka aondoke nalo.

Alhamisi ya wiki hiyo transfoma ya mtaa wetu ililipuka. Ilitoa moshi, ikatoa mlio, ikatoa mtaa mzima gizani. Jumamosi asubuhi gari la wale wa stima likafika, vijana wakapanda na ngazi zao, na saa sita ilipokaribia, Mama wa Loresho naye akafika. Nikampa stuli yangu karibu na mlango, akaketi, akaweka mkoba magotini na macho kwenye mashine.

"Ni lile pale?"

"Ndilo hilo, mama. Limebaki kumalizwa ndani tu. Stima ikirudi, nusu saa."

Hapa ni lazima niwaeleze jambo moja, na naahidi ni fupi. Bakuli likifika hatua ya kumalizwa ndani, kile kichwa cha nyuma cha mashine kinachosaidia kulibana huondolewa ili patasi ipate njia. Linabaki limeshikwa kitakoni na chaki, yaani kishikio cha chuma chenye taya nne. Na chaki yenyewe imefungwa kwenye ekseli ya mashine kwa kuzungushwa, namna nati inavyoingia kwenye bolti. Mashine ikienda upande wake wa kawaida, kazi yenyewe huikaza. Ikienda upande wa pili, huifungua. Basi.

Mara tukasikia watoto: "Imerudiii!" Redio ya kinyozi ikaamka katikati ya wimbo. Spika za kanisa zikapiga yowe, kisha sauti ya pasta, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ya kawaida ya binadamu, ikatufikia na nguvu zake zote:

"Toka! Wewe uliyekaa gizani siku tatu, nasema toka!"

Nikavuta miwani, nikashika patasi, nikabonyeza.

Mashine ilinguruma vizuri tu. Bakuli likaanza kuzunguka, nami nikaona mistari ya mbao inapita juu yake kwa namna nisiyoizoea, na kabla akili haijamaliza kuuliza kuna nini, bakuli likasogea. Lilijifungua kwenye ekseli polepole, kwa adabu, likiwa na chaki yake, kilo kadhaa za chuma. Likagonga kitanda cha mashine, likaruka, likatua sakafuni na kasi yake yote.

"Toka na usirudi!"

Siku zote bakuli langu huzunguka likinijia, sehemu ya juu ikishuka kuelekea kwangu. Lingeponyoka hivyo lingenipata miguuni. Siku ile lilikuwa linazunguka kinyume, kwa hivyo badala ya kunifuata likanikimbia. Na mashine nimeielekeza mlangoni, ili nipate mwanga.

Mama wa Loresho aliinua miguu yote miwili kwa wakati mmoja, kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mtu wa umri wake. Bakuli likapita chini yake, likavuka kizingiti, likaingia barabarani. Mwendesha boda boda aliyebeba mitungi ya gesi akafunga breki, akalitazama linavyopita, akasema "Wueh" kwa sauti ndogo sana.

Kwa mwelekeo lililotoka nao, lilikuwa linakwenda kwa kinyozi. Lakini bakuli lina mdomo mpana na kitako chembamba, na kitu cha umbo hilo hakibiringiki moja kwa moja, hukata kona kuelekea kule kwembamba. Likakata kona. Lilikata kona safi kabisa mbele ya mlango wa kinyozi, mtu akiwa kwenye kiti na nusu ya kichwa imenyolewa, likaingia kanisani kwa njia ya katikati, kati ya viti vya plastiki, chuma kikigonga kokoto ting, ting, ting.

Pasta alikuwa amefumba macho. "Toka! To..." Akayafumbua. Sitamsema vibaya mtumishi, ila ile spika kubwa inamfika mtu kifuani, na mpaka leo hakuna aliyeona aliipandaje.

Nusu ya waumini walitoka kupitia ubavuni mwa hema. Nusu nyingine walisema haleluya. Bakuli likafika mbele, likaishiwa nguvu, likayumba huku na huku, na kwa kuwa chaki ilikuwa imelitia uzito kitakoni, likakaa wima, mdomo juu, chini ya madhabahu.

Kimya. Kisha mama mmoja wa safu ya mbele akainuka taratibu, akafungua fundo la leso yake, akatia shilingi hamsini.

Wa pili akafuata. Mpaka navuka barabara, foleni ilishaanza.

Sasa nifikirieni mimi. Nimevaa aproni, barakoa na miwani ya plastiki, vumbi la mbao limenipaka weupe kutoka nywele hadi viatu, na mkononi nina patasi ndefu kama mkono wangu. Naingia hemani mbio, napaza sauti: "Ni langu! Ni langu!" Ile nusu iliyokuwa imebaki, nayo ikatoka.

"Wewe ni nani?" Pasta akauliza kutoka juu ya spika, kwa maikrofoni.

"Ni mwenye bakuli, Pasta."

"Umelituma wewe?"

"Limejituma, Pasta."

Hapo Mama wa Loresho akatokea nyuma yangu, mkoba kwapani. "Samahani, Mtumishi. Bakuli ni langu. Nimelipa nusu."

"Mama, sadaka ikishatolewa hairudishwi."

"Sadaka kaa nayo. Mimi nataka chombo."

Walivutana kwa heshima sana, "Mtumishi" huku na "mama yangu" kule, mpaka ikakubaliwa kwamba pesa zimwagwe kwenye leso na bakuli lirudi kwa mwenyewe. Pasta aliliombea kwanza. Nadhani alikuwa bado hajaridhika.

Huku nje nako kulikuwa na kesi. Seremala amesimama mlangoni mwake anautukana msumeno: ubao umeungua mweusi, moshi umejaa, na hakuna hata unywele uliokatwa. Mzee wa posho naye kinu kinaunguruma lakini unga haupandi mfukoni, na wateja wamepanga ndoo mpaka barabarani wanamtazama. Kila mmoja alidhani ni mashine yake imezeeka. Mzee akalitazama bakuli mikononi mwangu, akamtazama seremala, akapiga paja.

"Wamegeuza laini!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mota ya laini tatu hufuata mpangilio wa zile laini. Zibadilishane mbili nafasi na mota itazunguka kinyume bila kulalamika. Walipofunga transfoma mpya walipishanisha waya mbili kule juu, na kila mota ya laini tatu katika mtaa ule ikageuka. Redio ya kinyozi, mashine yake ya kunyolea, taa na spika za pasta hula laini moja, haziijui habari hiyo.

Pasta hakukubali. "Mbona vyombo vyangu viko sawa na vyenu ndivyo vimegeuka?" Akatutazama mmoja mmoja, mimi, mzee na seremala. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuhudhuria ibada yake.

Gari la wale wa stima lilikuwa limeshaondoka na simu yao inaita tu. Tukamwita fundi wa stima wa mtaa. Alikuja na bisibisi moja, akaingia kibanda baada ya kibanda, akabadilisha waya mbili kwenye kila mashine, shilingi mia tano kwa kila mlango, na sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa furaha kiasi kile. Saa kumi msumeno ulikuwa unakata, unga unapanda, nami nikarudisha chaki kwenye ekseli, nikapunguza mdomo wa bakuli kidogo mpaka alama za kokoto zikaisha, nikalipaka mafuta. Mama wa Loresho aligeuzageuza, akalinusa, akaomba apunguziwe bei kwa kuwa lilikuwa limeshatumika kanisani.

Jumatatu nilikuwa ofisini na fomu ya mzee mmoja aliyedai kwamba mkokoteni "uliondoka wenyewe na kugonga gari". Zamani ningechora alama ya kuuliza pembeni. Nikapiga muhuri.

Simu ikaita. Mzee wa posho.

"Kijana wangu, wale wa stima wamerudi. Wamepata malalamiko, wamepanda juu, wamenyoosha laini zao."

Nikanyamaza nikihesabu. Wao wamenyoosha juu. Sisi tulikuwa tumegeuza chini.

"Kwa hivyo, mzee..."

"Kwa hivyo seremala anachoma mbao tena. Fundi wa stima ameshafika na bisibisi, anacheka peke yake. Wewe usiwashe kitu. Halafu pasta anauliza kama Jumamosi utakuwepo, ajue viti avipange vipi."